Kukosoa na kukosolewa katika darasa la sanaa: anza na unachokiona

SWALI: Ninahudhuria darasa la kuchora pamoja na watu wazima wenzangu. Kila kazi inapokamilika tunabandika michoro ukutani, na kila mmoja anatakiwa kusema neno juu ya kazi ya mwenzake. Siku moja nilimwambia mwenzangu kwamba picha yake ya uso "haina uhai". Nilidhani ninamsaidia, lakini alinyamaza kimya, na tangu hapo tunasalimiana kwa shida. Zamu yangu inapofika, wengi husema "nzuri sana" na kukaa chini, na wachache wanaosema zaidi hunipa ushauri unaopingana, hata sijui nishike lipi na niache lipi. Je, kuna namna ya kukosoa isiyoumiza? Na mtu akishakosolewa, afanye nini na hayo aliyoyasikia?

JIBU: Malalamiko yako mawili yanaonekana kuwa tofauti, lakini yana chanzo kimoja. Uliposema "haina uhai", na wenzako wanaposema "nzuri sana", nyote mnatoa hukumu bila kueleza kilichoonekana. Hukumu ya kwanza inauma na ya pili inapendeza, lakini aliyechora hawezi kuifanyia kazi hata moja kati ya hizo, kwa sababu hakuna iliyomwonyesha ni sehemu ipi ya karatasi inayozungumziwa. Mchoraji anayeambiwa kuwa uso alioutengeneza hauna uhai anabaki akijiuliza kama tatizo ni macho, kivuli, mdomo au yeye mwenyewe; na kwa kuwa hakupewa cha kushika, mara nyingi huishia kwenye hilo la mwisho.

Namna ya kukosoa isiyoumiza kabisa haipo. Mtu aliyeinamia kazi kwa saa nyingi hawezi kusikia upungufu wake kana kwamba haumhusu, na mwalimu anayeahidi vinginevyo hasemi kweli. Linalowezekana ni kuhakikisha kwamba maumivu hayo yanatokana na jambo lililo kwenye karatasi, ambalo linaweza kurekebishwa, wala si na neno lililomgusa yeye binafsi.

Tuuchukue uso huohuo. Sijauona, lakini ninaposikia "haina uhai" juu ya picha ya uso iliyochorwa kwa mkaa au penseli na mtu anayejifunza, kuna mambo machache ninayoyatafuta kwanza, kwa sababu ndiyo yanayojirudia. La kwanza ni weupe wa macho. Anayeanza huuacha mweupe kama karatasi kwa kuwa anajua kwamba ni mweupe, ilhali jicho ni tufe lililokaa ndani ya tundu, chini ya kope inayolitupia kivuli. Ukilitazama kwa makini utaona kwamba sehemu kubwa ya weupe huo ni kijivu, na kilicho cheupe kweli ni nukta ndogo ya mng'ao tu. La pili ni kichwa kilichogeuka kidogo upande huku macho yote mawili yamechorwa kwa ukubwa uleule, kana kwamba mtu anatazama mbele moja kwa moja. Jicho lililo upande wa mbali linapaswa kuwa jembamba zaidi, na wakati mwingine mgongo wa pua huificha kona yake ya ndani. La tatu ni mstari wa kuuzunguka uso wenye unene mmoja kuanzia paji hadi kidevu, usiolegea penye mwanga wala kukazika penye kivuli, kiasi kwamba uso unaonekana kama umekatwa kwa mkasi na kubandikwa. La nne, na huenda ndilo la kawaida kuliko yote, ni woga wa weusi: picha nzima imekaa katika kijivu cha katikati, hakuna mahali palipo peusi kikweli, na kwa hiyo hakuna kinachochomoza.

Kila moja kati ya hayo lingeweza kusemwa kwa sentensi moja ambayo mwenzako angerudi nayo kwenye meza yake na kuanza kazi. Kwa mfano: "Naona weupe wa macho umezidi hata paji la uso upande unaopigwa na mwanga, na mimi natazama hapo kabla sijauona uso mzima." Sentensi hiyo haina sifa wala lawama. Inataja kilichopo kwenye karatasi, inasema kilimfanyia nini mtazamaji, na inaishia hapo. Haimwamuru apake kijivu, kwa kuwa huenda ana njia yake ya kulitatua jambo hilo, au huenda hata alikusudia tuyatazame macho kwanza; uamuzi unabaki kwake.

Kwa hiyo ukitaka kuzungumza na mwenzako, na ningekushauri ufanye hivyo, usimwombe radhi kwa kuwa ulimkosoa, maana hiyo ndiyo kazi mliyokutania darasani. Mwombe radhi kwa kuwa ulimpa hukumu ukambania sababu. Mwulize kama bado ana mchoro ule na kama angependa muutazame tena pamoja. Akikataa, usishikilie.

Mpangilio mzuri zaidi ninaoujua wa mazungumzo ya aina hii ni ule wa Edmund Burke Feldman, mwalimu wa sanaa wa Marekani, aliyeugawa uhakiki wa kazi ya sanaa katika hatua nne zinazofuatana: kueleza kinachoonekana, kuchambua jinsi sehemu zinavyohusiana, kufasiri maana, na mwisho kabisa kutoa hukumu. Walimu wengi huzifundisha hatua hizo kama majina ya kukariri kwa ajili ya mtihani, na huo ni upotevu, kwa sababu thamani yake haimo katika majina bali katika utaratibu. Ukianza na hukumu, hutarudi tena kueleza; utakachofanya ni kutafuta ushahidi wa kuitetea hukumu uliyokwisha kuitoa mbele ya watu.

Hatua ya kueleza ndiyo inayodharauliwa, na ndiyo ambayo ningetaka darasa lenu liitumie kwa muda mrefu kuliko zote. Kipimo chake ni kwamba aliyechora asiweze kukupinga. "Mkono wa kushoto unaishia kwenye ukingo wa karatasi, juu kidogo ya kiwiko" ni maelezo. "Mkono umekatwa vibaya" ni hukumu iliyojificha ndani ya maelezo. Wanafunzi wengi huona haya kusema mambo yaliyo wazi kiasi hicho, wakidhani wanaonekana wajinga: kila mtu anaona kwamba ni mtungi juu ya meza, kuna haja gani ya kutaja? Haja ipo, kwa sababu mara tu mnapoanza kutaja, mnagundua kwamba hamuoni kitu kimoja. Mmoja atasema mtungi umesimama mbele ya kitambaa. Mwingine atasema hapana, umo katikati ya mikunjo yake. Wa tatu atasema anauona ukielea. Tofauti hiyo ni taarifa kubwa kwa mchoraji, na hakuna aliyemtukana kuitoa.

Hapo ndipo uchambuzi unapoanza kazi, kwa kuuliza kwa nini watu watatu wameona mambo matatu. Mnausogelea mchoro na kukuta kwamba ukingo wa nyuma wa meza umechorwa ukipita palepale mdomo wa mtungi unapoishia, hivyo mistari miwili imegusana mahali pamoja na macho hayajui ni upi ulio karibu na ni upi ulio mbali. Mnakuta pia kwamba kivuli cha mtungi kimeanza umbali mdogo kutoka kwenye kitako chake, na katikati yake umebaki mwanya mweupe wa upana wa ukucha. Mwanya huo ndio uliomfanya mmoja wenu aone mtungi unaelea. Mchoraji akiinua ukingo wa meza kidogo, au akiushusha, na kukiunganisha kivuli na kitako kwa mstari mweusi mwembamba pale vinapokutana, mtungi utakaa chini. Angalieni kwamba tumefika kwenye suluhisho bila mtu yeyote kusema kuwa mchoro ni mbaya. Ndiyo maana nasema hatua ya nne, ile ya hukumu, mara nyingi haihitajiki kabisa darasani. Kufikia hapo mchoraji amekwisha kujihukumu mwenyewe, na kwa usahihi kuliko ambavyo ninyi mngefanya.

Kwa wale wa "nzuri sana", kuna swali moja linalotosha. Abigail Housen na Philip Yenawine walibuni njia ya kuwafundisha watu kutazama sanaa inayojengwa juu ya maswali matatu: nini kinaendelea katika picha hii, unaona nini kinachokufanya useme hivyo, na ni nini zaidi tunachoweza kukiona. Njia hiyo ilikusudiwa kazi za makumbusho zaidi kuliko kazi za wanafunzi, lakini swali la pili linafaa kila mahali. Mtu akisema "nzuri sana", mwulize kwa upole anaona nini kinachomfanya aseme hivyo. Mara ya kwanza atababaika. Mara ya tatu atakuja amejiandaa, na atasema, kwa mfano, kwamba anapenda jinsi rangi ya samawati ya kivuli inavyojirudia kwenye kona ya juu. Hiyo sasa ni sifa yenye kazi, kwa sababu mchoraji amejua ni kipi asikiharibu anaporekebisha mengine. Nimeona michoro mingi ikipoteza sehemu yake bora kwa sababu tu hakuna aliyemwambia mwenyewe kwamba ndiyo iliyo bora.

Wala usidhani kwamba sifa ya jumla haina madhara. Mwaka 1996 watafiti Avraham Kluger na Angelo DeNisi walichapisha tathmini ya tafiti nyingi juu ya athari ya kumpa mtu maoni kuhusu utendaji wake. Kwa wastani maoni yalisaidia, lakini katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo waliyoyapitia, utendaji ulishuka baada ya maoni kutolewa. Maelezo yao ni kwamba kadiri maoni yanavyouvuta umakini wa mtu kutoka kwenye kazi na kuupeleka kwenye nafsi yake, ndivyo yanavyopungua nguvu. John Hattie na Helen Timperley, katika makala yao ya mwaka 2007, walifika karibu na hapo pia: maoni yanayomhusu mtu mwenyewe, zikiwamo sifa, hubeba taarifa chache mno za kumsaidia kujifunza. Tafiti hizo nyingi hazikufanywa katika madarasa ya sanaa, lakini sioni sababu ya kudhani kuwa wachoraji wameumbwa tofauti. "Una kipaji" na "huna kipaji" ni kauli za aina moja, na ningezipiga marufuku zote mbili katika darasa lolote ninaloliongoza.

Kabla ya kutoa ushauri, kuna jambo lingine ambalo darasa lenu huenda linaliruka: kumuuliza mchoraji alikuwa anatafuta nini. Ushauri wa kuongeza utofauti wa mwanga na giza ni mzuri kwa mtu anayetaka uso uchomoze, na ni mbaya kwa mtu anayechora ukungu wa asubuhi. Liz Lerman, msanii wa dansi wa Marekani, alianza mwaka 1990 kuunda utaratibu wa hatua nne ambao umeenea katika sanaa nyingi. Kwanza watazamaji husema kilichowagusa; pili msanii huuliza maswali yake; tatu watazamaji humuuliza msanii maswali yasiyoegemea upande; na nne, ndipo watazamaji hutoa maoni yao, baada ya kuomba ruhusa kwa kutaja maoni hayo yanahusu nini. Msanii anaweza kukubali kuyasikia, na anaweza kukataa.

Wapo walimu wanaouona utaratibu huo kuwa laini mno. Mimi naona kwamba hatua ya tatu ni ngumu kuliko ukosoaji wa kawaida, kwa sababu inamlazimisha anayeuliza kuondoa maoni yake ndani ya swali. "Kwa nini umejaza weusi kiasi hicho nyuma?" si swali, ni lawama iliyovishwa alama ya kuuliza. "Ulikuwa unafikiria nini ulipoichagua rangi ya nyuma?" ni swali. Jaribuni hilo tu kwa mkutano mmoja na mtaona ni mara ngapi mtu anaanza sentensi, anasimama katikati, na kuipanga upya.

Lakini nia ya mchoraji isigeuzwe ngao. Kila darasa lina mtu ambaye kila anachoambiwa hujibu, "Nilikusudia iwe hivyo." Huenda ni kweli. Hata hivyo, nia isiyofika kwenye karatasi anaijua yeye peke yake, na kazi ya watazamaji ni kumwambia kama imefika. Anayesema alikusudia mtu aonekane mpweke anaweza kujibiwa bila ubishi: "Mimi nilimwona amechoka, kwa sababu mabega yameinama, upweke sikuuona mpaka uliposema."

Mengine nitayapitia kwa haraka. Usichukue penseli na kurekebisha juu ya kazi ya mtu, hata kama mwalimu wako hufanya hivyo. Chora pembeni, kwenye karatasi nyingine. Usilinganishe mchoro wa huyu na wa yule. Upendeleo wako wa rangi au wa mtindo usiupe sura ya kanuni. Usitaje makosa yote unayoyaona. Chagua moja ambalo likirekebishwa litayavuta mengine, na kwa kawaida hilo ni la umbo kubwa, yaani mpangilio, uwiano au mgawanyo wa mwanga na giza, kwa kuwa hakuna faida ya kupendezesha kope za jicho lililowekwa mahali pasipo pake. Na kama mna sauti katika namna darasa linavyoendeshwa, ombeni mazungumzo yafanyike pia kazi ikiwa katikati. Mnayafanya yakiwa yamechelewa: maoni juu ya mchoro uliokwisha kukamilika yanaweza kuusaidia mchoro ujao tu, wakati mchoraji mwenyewe bado anauwaza huu.

Sasa upande wa kupokea, ambao kwa maoni yangu ndio unaoamua zaidi kama mazungumzo yatakuwa na faida, maana hata wakosoaji wazembe wanaweza kutoa kitu cha maana wakiulizwa vizuri. Ukisimama mbele ya mchoro wako na kusema "Mnaonaje?", umewaomba adabu, nao watakupa adabu. Uliza maswali ambayo mtu hawezi kuyajibu kwa "nzuri sana". Jicho lako linakwenda wapi kwanza, na baada ya hapo wapi? Mwanga unatoka upande gani? Kati ya watu hawa wawili, yupi yuko karibu nasi? Ni saa ngapi za siku? Wewe unayajua majibu uliyoyataka. Watu watano wakikuambia mwanga unatoka kulia, na wewe uliuweka kushoto, umepata ukosoaji mkali bila mtu yeyote kujisikia kwamba amekukosoa.

Baada ya kuuliza, nyamaza. Hili ni gumu, na naliwekea mkazo kwa sababu maelezo ya mchoraji huharibu ushahidi. Ukishawaambia kwamba ni machweo, kila mtu ataona machweo, na hutajua kamwe kama rangi zako zilikuwa zimelisema hilo zenyewe. Pliny Mkubwa, mwandishi wa Roma ya kale, anasimulia kwamba mchoraji Mgiriki Apelles alikuwa akiiweka kazi yake mahali wapita njia wanapoweza kuiona, kisha anajificha nyuma yake asikilize wanavyosema. Fundi viatu mmoja akasema kwamba viatu katika picha vimepungukiwa kitanzi, na Apelles akarekebisha. Siku iliyofuata fundi huyo, akifurahi kwamba alisikilizwa, akaanza kukosoa mguu, na hapo mchoraji akatokeza na kumwambia asivuke viatu. Watu hupenda kukisimulia kisa hiki kwa ajili ya mwisho wake, ili kuwanyamazisha wasio wachoraji. Mimi nakithamini zaidi kwa mwanzo wake: Apelles alijificha ili asiwaongoze, na alirekebisha kitanzi bila kujali kwamba aliyekiona hakuwa mchoraji. Leonardo da Vinci (1452–1519) naye, katika maandishi yake juu ya uchoraji, aliwataka wachoraji wasikilize kwa subira maoni ya kila mtu, kwa hoja kwamba hata asiyejua kuchora anaijua sura ya binadamu na anaweza kutambua bega lililopanda kupita kiasi.

Mwombe mwenzako mmoja akuandikie yanayosemwa. Ukiwa umesimama mbele ya watu, akili hushika lile neno lililochoma na kuyaacha mengine yote, na baada ya siku kadhaa utaapa kwamba darasa zima lilikushambulia, kumbe alikuwa mtu mmoja na sentensi moja.

Nifike kwenye ushauri unaopingana, kwa sababu ndipo watu wengi wanapokata tamaa. Siri ni kutenganisha mambo mawili ambayo mkosoaji huyatoa yakiwa yameshikana: kasoro aliyoihisi na tiba anayoipendekeza. Chukulia umechora mtu ameketi chini ya mti. Mmoja anasema uongeze giza nyuma. Wa pili anasema hapana, nyuma paachwe, mavazi ya mtu ndiyo yawe meupe zaidi. Wa tatu anasema tawi lile liondolewe. Ukizisikiliza tiba, watu hawa watatu hawapatani hata kidogo, na huwezi kuwatii wote. Ukizisikiliza kasoro, wamesema jambo moja: mtu hatengani na kilicho nyuma yake. Wote watatu wamekuelekeza mahali pamoja, na mahali hapo pana tatizo hata kama tiba zote tatu ni mbovu. Inawezekana kinachohitajika ni kubadilisha rangi ya nyuma iwe ya baridi, yaani inayoelekea samawati, au kumsogeza mtu upande, jambo ambalo hakuna aliyelitaja.

Watazamaji ni mashahidi wazuri wa kasoro na washauri dhaifu wa tiba, hasa kwa sababu kila mmoja hupendekeza kile ambacho yeye mwenyewe angekifanya kwa mkono wake. Anayependa mistari atakushauri mistari. Anayependa rangi atakushauri rangi. Kwa hiyo ukipewa tiba peke yake, irudishe nyuma kwa kuuliza, "Nikiondoa tawi, ni kitu gani kitakachokuwa rahisi kukiona?" Jibu lake ndilo maoni ya kweli.

Kuna wakati hata kasoro zenyewe hupingana: huyu anaona picha imejaa mno, yule anaona ina nafasi tupu nyingi. Hapo idadi haikusaidii, na usifanye hesabu ya kura. Rudi kwenye ulichokuwa unakitafuta, na umwamini yule ambaye kasoro yake inagusa lengo hilo. Mwingine huenda anazungumzia picha ambayo angependa uwe umeichora, nayo si yako. Maoni ya namna hiyo yakatae bila kuyajibu, ila uandike kwenye daftari lako sababu ya kuyakataa; ukishindwa kuiandika, huenda umeyakataa kwa sababu yalikuuma.

Mwalimu ni suala la pekee, kwa kuwa neno lake lina uzito ambao neno la mwanafunzi mwenzako halina. Katika chuo cha CalArts huko Marekani, msanii Michael Asher aliendesha kwa miongo kadhaa darasa ambalo mjadala juu ya kazi ya mwanafunzi mmoja uliweza kuchukua saa nyingi mfululizo, na darasa hilo limekuwa mfano unaotajwa sana wa ukosoaji usio na huruma. Ninachokiona mimi hapo ni kwamba kazi ya mwanafunzi ilipewa muda. Mwalimu anayepita mbele ya mchoro, akatupa neno la dharau na kuendelea, hana ukali huo. Ana haraka tu. Akikuambia jambo la jumla linalokuumiza, mwulize kwa heshima, "Ni sehemu gani ya mchoro inayokuonyesha hivyo, mwalimu?" Wengi watasimama, watatazama tena, na watakupa jibu halisi. Na kama darasa lenu lina alama, mwombe atoe maoni kwanza na alama baadaye. Ruth Butler, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1988, aliwapa baadhi ya wanafunzi wa shule maoni pekee, wengine alama pekee, na wengine vyote viwili. Waliopata maoni pekee ndio waliofaidika, na pale maoni yalipoambatana na alama, faida hiyo ilipotea.

Kabla ya kuugusa mchoro wenyewe, upime ulichoambiwa. Ufinyie macho mpaka vitu vidogo vipotee na yabaki mafungu ya mwanga na giza. Upige picha kwa simu na uibadilishe iwe ya nyeusi na nyeupe. Kama mtu na mti vimekuwa kijivu kimoja, mashahidi wako walisema kweli. Utazame kwenye kioo, jambo ambalo Leonardo pia alilishauri, kwa kuwa mchoro uliogeuzwa huonekana kama kazi ya mkono wa mtu mwingine na makosa yake hujitokeza. Kisha weka karatasi nyembamba inayoonyesha kilicho chini yake juu ya mchoro na ujaribu badiliko hapo, au kama unachorea kwenye kompyuta, lifanye kwenye tabaka jipya, ili cha kwanza kisipotee.

Ukimaliza, vibandike vyote viwili ukutani kwenye mkutano unaofuata, kile cha awali na chenye badiliko, kimoja kando ya kingine. Waulize swali lilelile ulilowauliza mara ya kwanza, na usiwaambie kipi kilitangulia.